Matundu ya Opareta: Historia Fupi ya Pachibei

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za programu na tarakilishi, lakini leo naomba tuingie kidogo katika studio ya kurekodi muziki. Msiwe na wasiwasi, hatutaenda mbali na kazi yetu.

Ukiingia studio kubwa utaona, kando ya mitambo, ubao mwembamba wa chuma wenye safu mbili za matundu, na nyaya fupi fupi zimechomekwa huku na huku kama tambi zilizomwagika. Mafundi huuita pachibei. Nyaya za karibu kila kifaa cha studio huishia nyuma ya ubao huo. Fundi akitaka kupeleka sauti ya mwimbaji kwenye kifaa kingine, halazimiki kutambaa nyuma ya meza akiwa na tochi mdomoni. Anachomeka waya mfupi upande wa mbele, na kazi imekwisha.

Mtu akiutazama ubao huo mara ya kwanza huziona nyaya. Mimi nadai kwamba sehemu yenye akili ni ile isiyoonekana: sauti inaelekea wapi pale ambapo hakuna waya wowote uliochomekwa? Sisi waandishi wa programu tuna neno la jambo hili, chaguo-msingi. Na chaguo-msingi la pachibei lina umri wa zaidi ya miaka 140. Halikuzaliwa studioni. Lilizaliwa kwenye simu.

Tarehe 28 Januari 1878, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kulifunguliwa kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha simu. Wateja walikuwa 21 tu. Hebu piga hesabu. Kama kila mmoja wa watu 21 angetaka waya wake mwenyewe hadi kwa kila mwenzake, zingehitajika nyaya 210. Watu wakifika 1,000, nyaya zinakuwa 499,500. Hakuna mji ungeweza kubeba mzigo huo. Kituo kilimaliza tatizo kwa njia rahisi: kila mteja avute laini moja tu hadi kituoni, na pale kituoni awepo mtu wa kuunganisha laini hii na ile.

Mwanzoni mtu huyo alikuwa kijana wa kiume, kwani makampuni yaliajiri wale wale vijana waliozoea kazi ya telegrafu. Vijana hao walikuwa watundu na waliwajibu wateja kwa ukali. Tarehe 1 Septemba 1878, mjini Boston, akaajiriwa Emma Nutt, opareta wa kwanza mwanamke, na muda si muda kazi ile ikawa ya wanawake karibu kote.

Sasa tutazame kile ambacho opareta alikishika mkononi. Alishika plagi ya shaba yenye unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Mbele yake palikuwa na matundu, tundu moja kwa kila mteja. Matundu hayo yaliitwa jeki. Jina hilo linahusishwa na Charles Scribner, mhandisi wa kampuni ya Western Electric, ambaye swichi yake ya mwanzo ilifanana na kisu cha kukunja, kile ambacho Wamarekani hukiita jackknife. Plagi hiyo ya robo inchi bado ipo. Ndiyo inayoingia kwenye gitaa la umeme na kwenye hedifoni za studio. Gitaa unaloliona kanisani Jumapili linaunganishwa kwa plagi iliyobuniwa kwa ajili ya opareta wa simu wa karne ya 19.

Ndani ya jeki mlikuwa na springi. Mteja alipozungusha mkono wa simu yake, umeme ulifika kituoni na kuangusha kijilango kidogo chenye nambari yake, ili opareta ajue nani anaita. Opareta alipochomeka plagi, plagi ilisukuma springi, springi ikaachana na kipande cha chuma ilichokuwa imekigusa, na njia ya kwenda kwenye kijilango ikakatika. Opareta ameshajibu, kijilango hakihitajiki tena.

Tafakari jambo hili kama mtu wa programu. Tundu likiwa tupu, laini inaelekea kwenye kijilango. Likiwa na plagi, laini inaelekea kwa opareta. Hakuna anayebonyeza kitufe chochote. Kuingia kwa plagi ndiko kunakobadilisha njia. Hilo ni sharti kamili, "kama hivi, basi vile, la sivyo vile vingine", lililoandikwa kwa springi na shaba miongo mingi kabla ya lugha yoyote ya programu.

Katika vituo vikubwa laini moja ilitokea mbele ya maopareta wengi, kwa hiyo opareta mmoja hakuweza kuona kama mwenzake wa upande wa pili wa chumba ameshaitumia. Suluhisho likawa hili: kabla ya kuchomeka, aliigusisha ncha ya plagi kwenye mdomo wa tundu. Akisikia mlio mdogo sikioni, laini ina mtu. Kila mtu aliyewahi kuandika programu yenye kazi mbili zinazogombania kitu kimoja anaijua shida hiyo.

Mnamo 1891 Almon Strowger, mtengenezaji wa mazishi kule Kansas City, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opareta, na mwaka wa 1892 kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Kuanzia hapo kazi ya kuchomeka plagi ilianza kufa polepole. Ilichukua miongo mingi, na hata hapa kwetu wazee bado wanakumbuka kumwomba opareta awaunganishe na mji mwingine. Lakini jeki zenyewe hazikufa. Zilikuwa zimeshapata makao mapya.

Makao hayo yalikuwa redio na studio. Kabla ya 1925, rekodi za muziki zilifanywa bila umeme. Wanamuziki walijibana mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yao ndiyo iliyotikisa sindano ikachora mfereji kwenye nta. Hapakuwa na waya wa kuunganisha popote. Mwaka wa 1925 kampuni za Victor na Columbia zilianza kurekodi kwa umeme: maikrofoni, amplifaya, kisha kifaa cha kuchora. Mtambo huo ulitoka wapi? Western Electric, watu wale wale wa simu. Wahandisi wao walipotaka kuunganisha maikrofoni na amplifaya, walichukua vile vilivyokuwa ghalani: plagi za simu, jeki za simu, hata reki za simu zenye upana wa inchi 19. Ukiingia leo katika chumba cha seva chochote jijini Nairobi utazikuta reki za upana huo huo.

Hapo ndipo jambo la kuvutia lilipotokea. Kwenye simu, chaguo-msingi lilikuwa kutounganishwa. Asubuhi kituo kinaanza kazi, hakuna mtu aliyeunganishwa na mtu, na kila mazungumzo yanasubiri mkono wa opareta. Studio haiwezi kuishi hivyo. Maikrofoni ya kwanza huenda kwenye amplifaya ya kwanza leo, kesho na keshokutwa. Kwa nini fundi achomeke nyaya zile zile kila asubuhi?

Kwa hiyo mafundi wakaitumia springi ile ile ya kijilango kwa kazi nyingine. Safu ya juu ya ubao ikawa ya sauti zinazotoka kwenye vifaa, safu ya chini ikawa ya sauti zinazoingia. Tundu la juu na lile lililo chini yake yakaunganishwa kwa nyuma kupitia springi. Usipochomeka kitu, sauti inatiririka yenyewe kutoka juu kwenda chini. Ukichomeka, springi inaachana na mguso wake, na sauti inafuata waya wako. Njia hiyo ya kawaida inaitwa nomali. Opareta alichomeka ili kuunganisha. Fundi wa studio anachomeka ili kuvunja mazoea.

Nomali ina aina zake, na ni vyema kuzijua. Katika nomali kamili, plagi ikiingia juu au chini, njia ya kawaida inakatika. Katika nusu nomali, plagi ikiingia juu haikati kitu. Unapata nakala ya sauti huku ile ya kwanza ikiendelea na safari yake. Ni ikiingia chini tu ndipo njia inakatika. Aina ya tatu haina nomali kabisa: juu na chini havijuani mpaka uviunganishe wewe.

Nusu nomali ina masharti yake. Vifaa vya mwanzo vilifuata desturi ya simu ya omu 600 pande zote mbili, na ukigawa sauti kwa vifaa viwili vya namna hiyo, nguvu yake inapungua. Vifaa vya baadaye vilitengenezwa vikiwa na upinzani mdogo kwenye kutoa na mkubwa kwenye kupokea, na hapo kugawa nakala kukawa jambo la kawaida lisilo na madhara.

Wakati studio zikizoea nyaya zake, tarakilishi nazo zilikuwa zikipita njia hiyo hiyo. Mtambo wa ENIAC, uliomalizika 1945 na kuonyeshwa kwa umma Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hapo mwanzo haukuwa na programu ya kuandika. Programu yake ilikuwa nyaya na swichi. Wanawake sita, Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman, ndio waliopanga nyaya hizo, na kupanga hesabu moja mpya kuliweza kuchukua siku kadhaa. Mwaka wa 1948 ENIAC ilibadilishwa ili maagizo yake yasomwe kutoka kwenye hifadhi badala ya kuchomekwa. Ikapoteza sehemu ya kasi yake, lakini kazi ya siku ikawa ya saa.

Swali ni hili: kama tarakilishi ziliachana na nyaya mnamo 1948, kwa nini studio ziliendelea nazo? Jibu langu ni kwamba ENIAC haikuwa na njia ya kawaida. Kila hesabu mpya ilidai ubao upangwe upya karibu wote. Studio ilikuwa nayo. Katika ubao wenye matundu 96, kipindi cha kawaida huenda kikahitaji nyaya tano au sita tu, na zile nyingine zote zinajiendesha. Nyaya zinazoonekana ni tofauti tu kati ya leo na siku zote.

Wingi wa traki ndio uliozidisha kazi. Mwaka wa 1957 kampuni ya Ampex ilimtengenezea mpiga gitaa Les Paul mashine ya kanda yenye traki nane. Kufikia miaka ya 1970 studio kubwa zilikuwa na traki 24. Kila traki inahitaji tundu la kuingia na la kutoka, kwa hiyo mashine moja tu inakula matundu 48, kabla hujaunganisha miksa na vifaa vingine. Plagi ya robo inchi ikawa nene mno, na studio nyingi zikahamia kwenye plagi nyembamba ya milimita 4.4, nayo pia ni mtoto wa simu.

Wakati mwingine kuunganisha kwenyewe kulizaa ala mpya. Mwaka wa 1966, katika studio za EMI za Abbey Road mjini London, mhandisi Ken Townsend alitafuta njia ya kuwaepusha Beatles na kazi ya kuimba kila ubeti mara mbili ili sauti iwe nene. Alichukua sauti kutoka kwenye mashine moja ya kanda, akaipitisha kwenye mashine ya pili ambayo kasi yake ilichezacheza kidogo, kisha akazichanganya sauti mbili. Masikio yalisikia waimbaji wawili. Mashine za kanda zilikuwepo tayari studioni. Kipya kilikuwa njia ya kupita.

Lakini kila njia ya muda ina adui wake, nao ni usahaulifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miksa kubwa za kampuni ya SSL zilikuwa na tarakilishi iliyokumbuka kila kitufe kilisimama wapi, ili wimbo ukirudishwa baada ya miezi miwili fundi aonyeshwe kwenye skrini jinsi ya kuvirudisha vitufe. Nyaya za pachibei hazikuwemo katika kumbukumbu hiyo. Zile fundi aliziandika kwa kalamu kwenye karatasi. Karatasi ikipotea, wimbo haurudi kama ulivyokuwa, hata kama kanda ni nzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Msemo huu nimeuona ukitimia hapa hapa Nairobi. Rafiki yangu mwenye studio ndogo huko Eastlands alikuwa na pachibei ya matundu 48 iliyopangwa na fundi aliyekuja kupata kazi nyingine. Fundi alipoondoka hakuacha lebo hata moja, wala karatasi. Rafiki yangu alikaa wiki tatu akiogopa kugusa ubao wake mwenyewe, na kila mwanamuziki aliyelipia saa mbili alipoteza sehemu ya saa hizo akisubiri sauti itokee. Kwa kijana aliyechanga pesa ili arekodi wimbo wake wa kwanza, dakika 30 za kutafuta waya si mzaha.

Nilikwenda tukaupanga upya, na mpangilio wenyewe unafaa kuelezwa, maana ni historia yote hii ikifanya kazi. Hatukugusa waya kwanza. Tulichukua daftari tukaandika kila kifaa kina matundu mangapi ya kutoa na mangapi ya kupokea. Kisha tukauliza kuhusu kila jozi: siku ya kawaida, sauti hii huenda wapi? Amplifaya nne za maikrofoni zikakaa juu, namba 1 hadi 4, na chini yake milango minne ya kwanza ya kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, kwa nusu nomali. Kinanda kikapata namba 5 na 6, kushoto kwenye witiri na kulia kwenye shufwa. Deki ya kaseti ikapata 7 na 8.

Kompresa ndiyo yenye mtego. Ukiweka matundu yake ya kutoa juu na ya kupokea chini, kisha ukaacha nusu nomali, sauti inayotoka inarudi kuingia pale pale ilikotoka, na utasikia mlio wa kutoboa masikio. Mwandishi wa programu atasema ni kitanzi kisicho na mwisho. Jozi hizo lazima ziwe bila nomali. Katika pachibei nyingi za bei nafuu hilo hufanywa kwa kugeuza kadi ya jozi hiyo mbele nyuma. Maikrofoni zenyewe tuliziacha nje ya ubao kabisa, kwa sababu zile zinazotumia umeme wa volti 48 hazipendi plagi ya jeki: plagi ikiwa inateleza kuingia hugusanisha visivyopaswa kugusana, na maikrofoni laini huweza kuumia.

Mwisho tuliacha matundu manane wazi kwa ajili ya vifaa vijavyo, tukabandika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya, tukachora jedwali, tukalibandika ukutani. Kipimo chetu kilikuwa kimoja: nyaya zote za mbele zikichomolewa, je, mtu aliyeingia leo anaweza kuwasha mitambo na kurekodi? Akiweza, mpango ni mzuri.

Na programu je? Neno la studio limeenea kote humo. Robert Moog alipoanza kutengeneza sinthesaiza zake mwaka wa 1964, sauti iliundwa kwa kuunganisha nyaya, na mpangilio huo uliitwa pachi. Leo sauti iliyohifadhiwa kwenye kinanda bado inaitwa pachi, ingawa hakina waya hata mmoja. Katika miaka ya 1980 Miller Puckette, akiwa katika taasisi ya IRCAM mjini Paris, aliandika programu ya Max, ambamo mwanamuziki huchora nyaya kwenye skrini. Kwenye Linux, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Paul Davis alianzisha programu ya kuunganisha sauti kati ya programu nyingine, na jina lake ni JACK. Opareta wa 1878 angelitambua neno hilo mara moja.

Ila JACK yenyewe ilifuata desturi ya simu: kama hakuna aliyeunganisha, sauti haiendi popote. Wengi mliowahi kuitumia mnakumbuka kimya kile, na jinsi programu za pembeni zilivyohitajika ili kukumbuka miunganisho. PipeWire, kazi ya Wim Taymans iliyoanza kubeba sauti zote katika Fedora 34 mwaka wa 2021, imegawa kazi mbili. PipeWire husafirisha sauti. Kuamua nani aunganishwe na nani bila kuulizwa ni kazi ya programu nyingine, WirePlumber. Yaani nomali imepata programu yake yenyewe.

Kwa hiyo utakapoandika programu yako ijayo, yenye vitufe na mipangilio kadha wa kadha, usianze na vitufe. Anza na yule ambaye hatagusa kitu. Wengi wao ndivyo walivyo: wameingia, wana haraka, wamelipia saa mbili. Amua wao wapate nini, andika uamuzi huo mahali unapoonekana, kisha wape wengine matundu ya kuuvunja.

Haya, wenye studio mlioko huku, nambieni: je, jedwali la ubao wenu liko ukutani, au liko kichwani mwa mtu mmoja?